Mwenzangu Anaomba Msamaha kwa Kikao Ambacho Hakikuwepo

Mpendwa Mama Mshauri,

Nakuomba uisome barua hii mpaka mstari wa mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshajihukumu mara nyingi na haijanisaidia kitu, nalala nayo naamka nayo, na mtu pekee niliyemweleza ni mume wangu, ambaye ushauri wake nitakueleza huko mbele, na huo ushauri wake ndio ulionifanya nitafute kalamu.

Mimi ni afisa afya wa wilaya, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mama wa watoto watatu, na mwaka jana nilichaguliwa kwenye mafunzo ya viongozi wa afya ya jamii, mafunzo ya mwaka mzima yenye lengo la kutufundisha kufanya kazi pamoja na idara nyingine, maana walisema, na ni kweli, kwamba mtoto akiumwa tumbo hilo si suala la zahanati peke yake, ni suala la maji anayokunywa na choo cha shule yake na hata ng'ombe wanaonyweshwa pale anapochota. Timu yetu ni ya watu wanne, mimi ndiye kiongozi, halafu yupo afisa elimu tunayemwita Mwalimu, yupo daktari wa mifugo, na yupo afisa wa maji ambaye wilaya nzima inamwita Bwana Koki, kwa sababu hakosi koki ya akiba mfukoni na hawezi kupita mahali panapovuja bila kusimama. Huyu Bwana Koki ndiye hasa ninayeandika habari zake. Ana miaka hamsini na minane, ananiita dada nami namwita kaka, mke wake ananiita wifi, na nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho wakati mtaa wetu umekatiwa maji, yeye ndiye aliyeniletea madumu nyumbani siku tisa mfululizo bila kuombwa.

Sharti la mafunzo lilikuwa tukae vikao vinane kwa mwaka, sisi wanne, na kila kikao tumpelekee mkufunzi muhtasari wake. Cha kwanza tulikaa kweli, ofisini kwangu, Mwalimu akachelewa dakika hamsini, daktari wa mifugo akawa anaingia na kutoka na simu yake kwa sababu kuna ng'ombe alikuwa anazaa vibaya mahali, na Bwana Koki akaanza kutueleza kila bomba la wilaya hii limetoka wapi na lilichimbiwa mwaka gani na nani, anachora kwa kidole juu ya meza, na mimi, Mungu anisamehe, nikawa natazama saa ya ukutani, maana mimi ni mtu wa haraka, Mama, nimezoea kufanya jambo likaisha. Tulikaa saa tatu na tulichokubaliana ni tarehe ya kikao kijacho. Kikao hicho kijacho alikuja Mwalimu peke yake, tukanywa chai, akaondoka, na mimi nikakaa pale nikajiambia kwamba hawa watu nawajua, nimefanya nao kazi miaka kumi na moja, najua kila mmoja angesema nini, basi nikaandika muhtasari kana kwamba tulikuwa wote.

Nikaona ni rahisi. Karatasi za mahudhurio nilizipitisha ofisini kwao zote siku moja, wakasaini kwa mkupuo, tarehe nikawa nazijaza mwenyewe baadaye, na hakuna aliyeuliza chochote, Mwalimu alisaini akiwa amesimama mlangoni na alichouliza ni kama ile kalamu ni yake. Muhtasari nao nilikuwa nawatumia kwenye kundi letu la simu, wakawa wananijibu kwa kile kidole gumba, na mara moja daktari wa mifugo akaandika "Kazi nzuri", nami nikajua hajafungua. Kati ya vikao saba tulivyokwisha kuvipeleka, sita nimevitunga.

Sasa mkufunzi, baada ya kusoma kile cha tatu, alinijibu kwamba muhtasari wetu umetulia mno, watu wanne wakikubaliana kila jambo basi kuna mmoja hasemi, kwa hiyo kikao cha nne nikawagombanisha. Nilimfanya daktari wa mifugo apige meza kwa sababu ya machinjio, nikamfanya Mwalimu alalamike kwamba vyoo vinajengwa bila walimu kuulizwa, nikamfanya Bwana Koki anune na kutoka nje, akarudi baada ya dakika kumi, kisha mimi nikapendekeza njia ya kati na wote wakaafiki. Mkufunzi akaandika, "Hii ndiyo kazi ya pamoja. Hongereni sana." Nikwambie ukweli, nilifurahi, na tangu hapo nikawa naandika kwa raha, wakati mwingine nacheka peke yangu, kila kikao wanagombana vizuri zaidi na kila kikao tunafikia mwafaka.

Katika kikao cha tano niliandika hivi: "Afisa wa maji ameahidi kukagua bomba linalopita chini ya mtaro karibu na shule ya msingi kabla ya mwezi kwisha." Bomba hilo nililiona kwa macho yangu nikipita, limeshika kutu, maji machafu ya mtaro yanapita juu yake, nikaogopa, na nilikusudia kumpigia simu Bwana Koki siku ileile, lakini nilipokwisha kuandika nikasikia roho imetulia kana kwamba bomba limeshakaguliwa, na sikumpigia. Miezi miwili baadaye wanafunzi thelathini na saba wa shule hiyo walishikwa na kuhara na kutapika ndani ya siku tatu. Watatu walilazwa kwa dripu wiki nzima. Wote walirudi nyumbani wazima, nashukuru, lakini ile sura ya mama mmoja amekaa kwenye sakafu ya wodi ameshika kiatu cha mwanawe sitaisahau.

Mkurugenzi wa wilaya akaagiza mafaili yote, ya kwangu pia, akakuta ile ahadi, akatuita sote wanne akaisoma kwa sauti. Bwana Koki akauliza, "Nimeandikwa hivyo?" Mkurugenzi akamsogezea karatasi ya mahudhurio, "Na hii saini si yako?" Akaitazama kwa muda, akasema, "Saini ni yangu." Mwalimu akaulizwa kama anakumbuka kikao hicho, akasema anakumbuka kulikuwa na suala la shule ile. Daktari wa mifugo yeye akasema anakumbuka vizuri kabisa, siku hiyo joto lilikuwa kali, na Bwana Koki alionekana mchovu. Mama, nilikaa pale nikiwasikiliza watu wazima wakikumbuka kikao nilichokitunga jikoni kwangu.

Kesho yake Bwana Koki alikuja ofisini kwangu kuniomba msamaha. Alisema, "Dada, nimekuangusha, umeongoza vizuri na mimi ndiye niliyekuharibia." Nikamwambia twende shuleni tukaangalie, nikidhani nitapata ujasiri wa kumwambia njiani, sikuupata. Kufika, akatazama lile bomba chini ya mtaro, akashangaa, akasema, "Lakini hili ni kavu. Hili nililifunga mwenyewe miaka tisa iliyopita. Shule inakunywa kwenye tangi la nyuma ya madarasa." Tukaenda nyuma ya madarasa, akapanda ngazi, mfuniko wa tangi umepasuka na ndani mna uchafu wa ndege na kitu kingine kilichooza sitaki kukitaja, na haikumchukua hata nusu saa kuligundua lile ambalo sisi tulilizunguka wiki mbili. Akashuka akiwa anafuta mikono, akaniambia, "Ungeniuliza tu, dada." Halafu akajishika paji la uso, akasema, "Samahani. Uliniuliza. Imeandikwa. Sasa niliwezaje kuahidi kukagua bomba ambalo mimi mwenyewe nililifunga? Kichwa changu hakipo."

Mama yake mzazi alimaliza miaka yake ya mwisho akiwa hamtambui mwanawe, Bwana Koki ndiye aliyemuuguza, na sasa anaamini ugonjwa ule umemfikia yeye. Amefunga kidaftari kwa kamba shingoni, anaandika kila anachoambiwa. Funguo za gari amempa mke wake. Wifi alinipigia juzi kwa sauti ya chini, nadhani alikuwa amejificha chumbani, akaniuliza, "Wifi, huko kazini unamwonaje? Maana hapa nyumbani mimi sijaona kitu, au ndiyo sitaki kuona?" Nikamjibu kwamba tutazungumza.

Kamati ya nidhamu itakaa Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu. Akionekana na hatia atavuliwa cheo miaka miwili kabla ya kustaafu. Lakini mkurugenzi amesema kwamba ikiwa kuna barua ya daktari inayoonyesha kumbukumbu yake imeanza kuyumba, atapumzishwa kwa heshima kwa sababu ya ugonjwa, na barua ya rufaa ya kumpeleka kwa daktari huyo natakiwa kuiandika mimi, na Bwana Koki mwenyewe ameniomba niiandike. Mume wangu anasema hiyo ni bahati imeletwa mlangoni, niandike, mzee apumzike, mimi nibaki na kazi yangu, watoto wasome, hakuna anayeumia. Na juu ya hayo yote mafunzo yanafungwa mwezi ujao na timu yetu ndiyo imechaguliwa kusimama mbele ya wenzetu kueleza jinsi tunavyofanya kazi pamoja, na nimedokezwa kwamba baada ya hapo kuna nafasi yangu makao makuu.

Niiandike hiyo barua, Mama? Au nisiiandike, ila nisimame mbele ya kamati nimwombee huruma bila kusema zaidi? Nikisema yote nimekwisha. Nisiposema, naona na yeye amekwisha.

Ni mimi,
Kiongozi wa Timu ya Mfano

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Kiongozi wa Timu ya Mfano,

Nimemwomba mhariri barua yako ipite mbele ya nyingine zilizotangulia. Wenye ndoa zao na majirani zao watanivumilia wiki hii.

Kabla hatujafika popote, nijibu swali moja. Mfuniko wa tangi umebadilishwa? Umenimwagia moyo wako kurasa na kurasa, umenieleza hadi kalamu ya Mwalimu, na hukusema kama tangi limesafishwa na watoto wanakunywa nini leo. Huenda limeshasafishwa ukasahau kuandika. Huenda pia, kama kawaida yako, ulipoandika kwamba mfuniko umepasuka ukasikia roho imetulia. Nyanyuka sasa hivi, piga simu shuleni, uulize, kisha urudi uendelee kusoma. Mimi sina haraka, ila usichelewe.

Umerudi? Haya. Barua ya rufaa usiiandike. Hili halina mjadala na wewe unalijua, ndiyo maana umeniandikia mimi badala ya kumsikiliza mumeo. Wewe ni mtu wa afya. Umeshamwekea mtu maneno mdomoni, sasa unataka kumwekea ugonjwa kichwani, kwa mkono uleule na kalamu ileile. Atapelekwa kwa daktari, ataulizwa leo ni siku gani na mkurugenzi wake anaitwa nani, atajibu sawasawa, na bado atarudi nyumbani akijua kwamba aliahidi kitu asichokikumbuka na karatasi ipo. Hakuna daktari atakayeweza kumtibu, kwa sababu dawa yake unayo wewe. Mumeo simlaumu sana, analinda nyumba yake, lakini akisema hakuna anayeumia amehesabu vibaya. Hakumhesabu yule mwanamke aliyejificha chumbani na simu, anayeona mume wake ni mzima na anaambiwa asiamini macho yake.

Na huko kusimama mbele ya kamati kumwombea huruma bila kusema zaidi, acha kabisa. Utamwombeaje mtu msamaha wa kosa lako, halafu yeye akushukuru?

Sasa nikwambie kitu ambacho wasomaji wengi hawakijui. Kabla sijapewa ukurasa huu nilikuwa karani wa vikao kwa miaka ishirini na miwili. Najua utamu unaousema. Nimewanyooshea sentensi wenyeviti waliokuwa wakizungumza ovyo, nimewaweka macho wajumbe waliokuwa wakikoroma. Na siku moja niliandika "wajumbe wote waliafiki" wakati mjumbe mmoja alikuwa kwenye ujia analia, na hakurudi ndani. Mwenyekiti alitaka hivyo, nami nilitaka kwenda nyumbani. Sina la kujitetea, na mjumbe yule sikumwomba radhi mpaka akahamishwa. Kwa hiyo ninapokugombeza usidhani nimekaa mahali pa juu.

Lakini nataka uone kitu ambacho nadhani hujakiona, maana barua yako yote inalia kuhusu uongo, na uongo ni nusu tu ya habari. Unasema uliwajua wenzako, ukajua kila mmoja angesema nini. Ukawapa hasira, ukawapa kununa, ukampa mtu mpaka dakika kumi za kukaa nje. Nimesoma vikao vyako, angalau kama ulivyonisimulia, na katika kila kimoja mwenye njia ya kati ni wewe, na mwisho wote wanakubali. Hata mara moja hukujiandika umeshindwa. Na cha zaidi, yule Bwana Koki wa kwenye karatasi yako hakuwahi kujua jambo lolote ambalo wewe hulijui. Angewezaje? Alikuwa anaishi humo kichwani mwako. Wewe ulidhani bomba la mtaroni lina maji, na yeye akadhani hivyohivyo, akaahidi kulikagua kwa utiifu. Bwana Koki mwenye mwili angekucheka. Angekwambia dada, hilo ni kavu, tatizo lako liko nyuma ya madarasa, na pengine watoto wale wasingelazwa.

Ndiyo sababu mlipelekwa kwenye mafunzo yale, mwanangu. Hawakuwaita wanne ili mpeane hongera. Waliwaita kwa sababu kila mmoja ana kitu kichwani ambacho mwingine hawezi kukibuni hata akae naye miaka kumi na moja. Na kile chake alikileta siku ya kwanza kabisa, akakichora juu ya meza yako kwa kidole, bomba kwa bomba, nawe ukatazama saa. Mtu anayeeleza polepole si lazima awe anapoteza muda wako. Wewe kazi unaiweza, sina shaka, lakini kukaa kimya wakati mwingine anatafuta neno hukujifunza, na kwa cheo ulichonacho upungufu huo umelaza watoto wa watu.

Nisikubebeshe wewe peke yako. Mwalimu na daktari wa mifugo walisaini karatasi tupu kama watu wanaosaini kadi ya harusi. Daktari huyo kuanza kukumbuka joto la siku ambayo haikuwepo, huyo nitamfikiria kwa muda mrefu. Na mkufunzi wenu aliyependezwa na ugomvi wa kwenye karatasi asije hata mara moja kuketi nanyi, naye ana lake la kujifunza. Lakini haya usiyatumie kama ngao. Ukifika mbele ya mkurugenzi ukaanza na "hata wenzangu nao", utakuwa umepoteza hata kile kidogo ulichobakisha.

Utafanya hivi. Utakwenda kwa Bwana Koki leo, siyo kesho, kwa sababu gazeti hili wanalisoma hata watu wa idara ya maji na nisingependa ayaone haya hapa kabla hajayasikia kwako. Nenda nyumbani kwake, usimwite ofisini, na mke wake awepo, maana mzigo huu wameubeba wawili. Chukua ule muhtasari wa vikao sita uwe nao mkononi. Usianze na sababu, wala na mafunzo, wala na jinsi ulivyokosa usingizi. Na usilie mbele yake. Sikukatazi machozi, ila namna ulivyonieleza huyu bwana, ukilia ataacha mambo yake akubembeleze wewe, na leo siyo zamu yako. Akikasirika, mwache akasirike. Akikufukuza, toka. Wifi akisema neno zito, lipokee, alikuwa na haki ya kulisema tangu siku aliyokupigia simu.

Ukitoka hapo pita kwa Mwalimu na kwa daktari wa mifugo, uwaambie ana kwa ana, wapate nafasi ya kurekebisha wenyewe walichosema kabla hawajaulizwa tena. Asubuhi iwe imekukuta mlangoni kwa mkurugenzi na barua uliyoiandika kwa mkono wako, fupi, inayosema vikao gani vilikaliwa na vipi havikukaliwa, na kwamba afisa wa maji hakuahidi lolote kwa sababu hakuulizwa lolote. Nakala yake mpelekee mkufunzi, na umwambie timu yake ya mfano haitasimama. Akikuuliza kama unaweza kusimama kueleza jinsi mambo yalivyoharibika, usikubali haraka. Mwulize kwanza Bwana Koki kama anaridhia habari zake zisimuliwe, na akikataa basi.

Unaweza kupoteza kazi. Nafasi ya makao makuu nadhani imeshakwenda na sitakudanganya. Wapo watakaosema ungenyamaza. Sijui kamati itaamua nini juu yako, na sitaki kukupa matumaini nisiyonayo. Ninachokijua ni kwamba kikao chenu cha nane bado hakijakaa. Wenzako wakikubali kuketi nawe tena, wawe na cheo au wasiwe nacho, wewe uwe na cheo au usiwe nacho, mwombe Bwana Koki amalizie yale mabomba pale alipoishia, na wewe ushike kalamu uandike anachosema yeye, hata ikichukua mchana mzima.

Lakini hayo ni ya baadaye. Leo una kazi moja. Kuna mwanaume mzima, mwenye akili timamu, ameketi nyumbani na kidaftari shingoni akisubiri siku atakayoamka asimjue mke wake, na anaogopa kama alivyomwona mama yake akiogopa. Kila saa unayopanga maneno mazuri ya kumwambia, yeye anaongeza saa moja ya hofu hiyo. Usipange. Akifungua mlango, hata kabla hajakukaribisha kiti, mwambie, "Kaka, hujasahau kitu. Kikao kile hakikuwepo."